Breki za Mwanzia

Ijumaa ile, jua likijificha nyuma ya mapaa ya Makadara, Ndete alitoka nyumbani kwa haraka kwenda dukani kununua mafuta ya breki. Alikuwa na ovaroli ya Reli, mikono myeusi hadi viwikoni, na kichwani jambo moja tu: saa moja asubuhi gari liwe limesimama mlangoni, linang'aa, lina breki, tayari kumpeleka bibi harusi kanisani.

Duka la Jimale, karibu na Barabara ya Jogoo, liliuza kila kitu. Unga, misumari, mishumaa, betri, na kwenye rafu ya juu kabisa, mafuta ya magari.

"Mafuta ya breki. Chupa moja," Ndete alisema.

Jimale akapanda stuli, akateremsha chupa, akaipangusa vumbi. Kisha akainama, akatoa paketi ya sabuni ya unga, akaiweka kando ya chupa.

"Hiyo ni ya nini?"

"Si umeomba?"

"Mimi sijaomba sabuni."

"Umeomba, bwana. Mara mbili. Umesema mafuta ya breki na sabuni ya unga." Jimale akamtazama begani, upande wa kulia, halafu akamtazama usoni. "Ama si wewe umesema?"

Dukani hapakuwa na mtu mwingine.

Ndete akaichukua chupa, akaiacha sabuni, akaondoka bila kuaga. Mtu mwingine angecheka na kusema Jimale amezeeka. Ndete hakucheka. Sabuni ya unga ndiyo siri yake, na siri hiyo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe, hata Mungu wake aliyemwomba kila Jumapili akiwa mstari wa mbele.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 nyeupe ya mwaka wa sitini na sita, na halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake, Mwanzia, dereva wa wizara, mtu wa maringo na kikohozi cha sigara. Mwanzia alikufa ndani ya gari hilo mwaka wa tisini na moja, kwenye mteremko wa Mua, akielekea nyumbani Machakos. Breki zilimkataa. Waliofika kwanza walisema pedeli ya breki ilikuwa imelala sakafuni na mguu wake wa kulia ulikuwa bado juu yake, umekaza. Kiatu kilinasa chini ya pedeli, ikabidi wautoe mguu na soksi tu. Gari lilipovutwa hadi Makadara, Ndete ndiye aliyekichomoa kile kiatu. Akakitupa jalalani kabla majirani hawajaamka.

Miaka mitatu Pijo ile ililala chini ya turubai mbele ya nyumba, na Ndete akawa anapita upande wa pili wa njia asiiguse hata kwa nguo. Halafu Ndanu, binti wa pekee wa Mwanzia, akapata mchumba, mwalimu mmoja mpole kwa jina Nalianya. Ndanu alikuwa akiishi kwa Ndete tangu alipokuja Nairobi kutafuta kazi ya kupiga taipu. Alisema neno moja tu kuhusu harusi yake.

"Baba mdogo, nataka kuingia kanisani na gari la baba."

Ungemjibu nini? Ungesema hapana, ungeulizwa sababu. Ndete akasema ndiyo. Na harusi ilikuwa wapi? Machakos, kanisa la nyumbani. Na njia ilikuwa ipi? Ile ile.

Sasa sikia alichokuwa akikificha, maana bila hicho hutaelewa yaliyompata jioni hiyo.

Jumapili ile ya mwaka wa tisini na moja, Ndete ndiye aliyekuwa chini ya gari. Alitaka kumwonyesha kaka yake kwamba karani wa stoo ya Reli naye anaweza kushika spana. Akafungua silinda moja ya breki kwenye gurudumu, na mafuta yote yakamwagika mchangani. Maduka yalikuwa yamefungwa. Akafanya wanavyofanya madereva wakikwama njiani: akakoroga sabuni ya unga kwenye maji, akayamimina mahali pa mafuta. Ujanja huo humfikisha mtu gereji, akienda polepole, basi. Alikusudia kumwambia Mwanzia. Alikusudia kabisa. Lakini Mwanzia alitoka nje, akaona doa la grisi kwenye kiti, akamtukana mbele ya majirani wote, akamwambia arudi stoo akahesabu misumari, akamnyang'anya funguo. Ndete akabaki amesimama na maneno yake mdomoni. Akayameza. Acha ashtuke kidogo pale raundabauti, alijiambia. Acha naye aone aibu.

Mwanzia hakushtuka raundabauti. Maji ya sabuni yalishika vizuri mjini, yakashika barabara kuu. Yalisubiri mteremko. Huko ndiko breki zilipopata moto, maji yakachemka, na pedeli ikaenda chini bila kukutana na kitu.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walitaka boma na gari vinyunyiziwe ng'ondu, ile dawa ya Wakamba ya kutakasa. Kwao, kabla ya dawa kunyunyizwa, kila ndugu husimama na kutoa lililokuwa kati yake na marehemu, kubwa kwa dogo. Asiyetoa, dawa humpita. Ndete alisimama akiwa ameshika Biblia, akasema yeye ni mtu aliyeokoka na hayo ni mambo ya giza. Wazee walimtazama, wakakunja ngozi waliyobebea dawa yao, wakaondoka. Hakuna aliyenyunyiziwa. Mutheu, mjane wa Mwanzia, alimwambia siku hiyo hiyo, kwa sauti ya chini, "Wewe hukukataa ng'ondu kwa sababu ya Yesu."

Tangu siku hiyo walisalimiana kwa sababu ya watu tu.

Na sasa Mutheu alikuwa hapa Makadara, amekuja kumchukua binti yake. Mke wa Ndete, mtoto wao mkubwa Kimeu na wadogo zake walikuwa wametangulia Machakos kupika. Ndanu alikuwa Majengo kwa msusi tangu mchana. Nyumba nzima ilikuwa na watu wawili wasiopendana, na gari lisilo na breki.

Kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Wiki nzima Ndete alikuwa ameshinda akitoa kutu, akibadilisha raba za ndani ya silinda, akipaka, akifunga. Jumatano alikuwa amepeleka vyuma vya breki Kariobangi vikapigiliwe lainingi mpya, zile pedi za kusugua, na Mutheu akasisitiza kwenda naye. Fundi wa huko, Owino, aligeuza silinda moja ya zamani kiganjani, akaingiza kidole, kikatoka chekundu.

"Hii ilikuwa gari ya nani?"

"Ya marehemu kaka yangu."

"Mafuta ya breki haileti kutu namna hii, mzee. Hapa kulikuwa na maji." Owino alimtazama Ndete, akamtazama yule mama aliyesimama nyuma yake. Halafu akainamia kazi yake. "Lakini hiyo ni ya zamani. Wacha tu."



Ilibaki kutia mafuta mapya na kutoa hewa kwenye paipu. Na hiyo ndiyo kazi ya breki ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva. Mwingine hulala chini, kwenye gurudumu, na spana. Wa chini husema kanyaga. Wa juu hukanyaga pedeli mara tatu, kisha huikandamiza na kusema nimekanyaga. Wa chini hulegeza skrubu ndogo, hewa hutoka pamoja na mafuta kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa, halafu hukaza na kusema achia. Hivyo hivyo, mara nyingi, hadi mapovu yaishe. Wa chini hamwoni wa juu. Anaamini sauti.

"Mama Ndanu, nisaidie kukanyaga," Ndete alisema aliporudi kutoka dukani.

Mutheu alikuwa mlangoni akipepea jiko la makaa. Aliangalia gari muda mrefu.

"Kwa ajili ya Ndanu," akasema. Akaingia garini, akafunga mlango.

Kazi huanzia gurudumu la mbali zaidi na dereva. Nyuma kushoto. Ndete akainua gari kwa jeki ya mafuta, akatoa gurudumu. Mawe ya kuegemezea yalikuwa upande wa pili wa nyumba. Giza lilikuwa likiingia, naye alikuwa na haraka. Akayaacha. Akalala chali na tochi yake.

"Kanyaga!"

Fyuk. Fyuk. Fyuk.

"Nimekanyaga," Mutheu alisema, kwa sauti ya mtu anayekulaani.

Akalegeza. Mapovu yakatoka kwenye chupa ya jemu. Akakaza.

"Achia!"

Ilikwenda vizuri. Mara kumi, kumi na mbili, mapovu yakaisha, mafuta yakatoka masafi. Akarudisha gurudumu, akahamisha jeki nyuma kulia. Giza lilikuwa limetanda. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na mtoto mmoja aliitwa nyumbani akaoge.

"Kanyaga!"

Fyuk. Fyuk. Fyuk.

Kimya.

"Umekanyaga?"

Hakujibiwa, lakini spana ilimwambia kwamba pedeli imekandamizwa. Amekasirika tena, Ndete alifikiri. Basi. Bora akanyage. Akalegeza, akakaza, akasema achia. Kazi ikaendelea. Na jambo la ajabu, ikaendelea vizuri kuliko mwanzo. Mguu ulikuwa na nguvu sasa. Ulikanyaga kwa mpigo mmoja, ukashika bila kutetemeka, ukaachia alipotaka kuachia, wakati mwingine kabla hajafungua mdomo.

"Mama Ndanu, leo umekuwa dereva!" alitania.

Kimya.

Mbele kushoto. Sasa alikuwa amesogea. Kila gurudumu lilimleta karibu zaidi na ule mguu, maana kazi yenyewe ndivyo ilivyo, mtu huanza mbali na kumalizia karibu. Alipokuwa akisukuma jeki chini ya gari alisikia harufu. Akainua pua.

Sabuni.

Mtu anafua, alijiambia. Nani anafua gizani? Mtu tu. Akalala.

"Kanyaga."

Fyuk. Fyuk. Fyuk.

Akalegeza skrubu, akamulika chupa ya jemu. Mafuta hayakutoka. Palitoka povu. Povu jeupe, zito, likapanda ndani ya chupa, likafika mdomoni, likamwagika kwenye vidole vyake. Lilikuwa na uvuguvugu. Ndete aliichukua ile chupa ya dukani, akayasoma maandishi yake mara mbili, akanusa. Mafuta ya breki. Mapya. Alikuwa ameifungua mwenyewe, kizibo kikalia.

Mtu mwenye akili angetoka pale chini. Lakini Ndete alimwona Ndanu kichwani, na nywele zake zilizosukwa, akishuka mteremko wa Mua kwa breki nusu. Hakuweza kuacha magurudumu mawili bila kumaliza. Kama kuna kitu kizuri cha kusema juu yake, ndicho hicho. Akaendelea kulegeza na kukaza hadi povu likaisha na mafuta yakatoka masafi.

Lilibaki la nne. Mbele kulia. Gurudumu la upande wa dereva.

Hakutazama dirishani alipopita. Alijiambia hakuna haja. Akainua gari, akatoa gurudumu, akauweka mkono wa jeki chini kando yake, akajipenyeza. Sasa kichwa chake kilikuwa chini kabisa ya sakafu ya dereva. Pedeli ilikuwa juu ya uso wake, bati tu katikati. Bati lenyewe lilikuwa na tundu la kutu, kubwa kiasi cha kikombe, ambalo alikusudia kuliziba na hakuwahi.

"Kanyaga," akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

Juu yake mtu alikohoa.

Kikohozi kile cha sigara. Alikisikia miaka ishirini, chumba kimoja, kitanda kimoja, walipokuwa vijana, na baadaye nyuma ya ukuta kila asubuhi.

Fyuk.

Fyuk.

Fyuk.

"Nimekanyaga," sauti ya mwanamume ikasema.

Ndete akainua tochi taratibu, akamulika tundu.

Soksi ya kijivu. Kisigino kimetoboka. Imekaza juu ya pedeli.

Wakati huo huo, kwa chini, kati ya ardhi na ubavu wa gari, aliona miguu mingine. Miguu ya mwanamke, kandambili za bluu, ikitoka mlango wa nyumba na kuja polepole. Ikasimama hatua tatu kutoka kichwani pake.

"Baba Kimeu," Mutheu akasema kutoka huko nje. "Unaongea na nani?"

"Wewe... si uko ndani ya gari?"

"Mimi nilitoka gurudumu la kwanza lilipoisha. Nilikuambia naenda kuangalia jiko. Ukasema sawa."

"Mimi?"

"Mtu alisema sawa."

Fyuk, ikasema pedeli.

Na gari likashuka.

Kidogo tu, upana wa kidole. Chuma cha chini kikamgusa Ndete kifuani. Alijaribu kutoka ubavuni, lakini ovaroli ilikuwa imebanwa. Akapapasa kutafuta mkono wa jeki. Haukuwepo alipouweka.

"Mama Ndanu, jeki! Jeki inashuka!"

Mutheu hakusogea.

Sauti ya juu ikakohoa tena. "Mwambie," ikasema.

Je, Mutheu naye alisikia? Ndete hakujua. Kandambili zilirudi nyuma nusu hatua, zikasimama.

"Mafuta yalimwagika!" Ndete akapiga kelele, na kelele zenyewe zikatoka kama mnong'ono, kifua hakikuwa na nafasi. "Siku ile... mafuta yalimwagika yenyewe, Mama Ndanu, paipu ilikuwa imezeeka..."

Fyuk.

Kidole kingine. Mbavu zikalia.

"Mwambie."

Basi akasema. Lala chini ya gari na mauti juu ya pua, nawe utasema. Alisema alifungua silinda kwa mkono wake. Alisema maji, alisema sabuni, alisema kijiko alichokorogea. Alisema Mwanzia alipomtukana, naye akaona ni heri anyamaze ili ndugu yake aaibike barabarani. Alisema alimwona akiondoka, akapunga mkono. Alisema ng'ondu. Alisema kiatu. Alilia akisema, machozi yakimwingia masikioni.

Pedeli ilinyamaza. Gari likasimama pale lilipofika.

Redio ya jirani ilizimwa.

"Rudia," Mutheu akasema.

"Mama Ndanu, nakufa..."

"Rudia. Tangu kijiko."

Akarudia. Pumzi ya kurudia hakuwa nayo, lakini akarudia, neno baada ya neno, na mwanamke yule akasikiliza hadi mwisho. Ndipo kandambili zikaenda ndani ya nyumba bila haraka, zikarudi. Mkono wa jeki ukaingia kwenye tundu lake, ukafunga valvu ya kushushia, ukapampu. Gari likapanda. Ndete akatambaa nje, akatapika kando ya ukuta.

Alipoinua uso, kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye mpira wa sakafuni, mbele ya pedeli, palikuwa na maji kidogo yenye povu, nalo lilikuwa likipasuka, tsss, tsss.

"Mkono wa jeki ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Jikoni. Niliuchukua ulipojipenyeza chini, nichochee makaa."

"Ulipouchukua... uligusa valvu?"

Mutheu alimtazama. Macho yalikuwa makavu kabisa.

"Baba Kimeu, wewe ndiye mwenye kujua magari."

Ndete hakuweza kujua. Pengine mwanamke alilegeza valvu makusudi, na gari likashuka lenyewe. Pengine hivyo. Lakini mwanamke hakuwa na miguu minne, na nani alikanyaga magurudumu matatu?

"Tuahirishe harusi," Ndete akasema. "Ama tukodi gari lingine. Nitamwambia Ndanu limeharibika."

"Hutamwambia uongo mwingine." Mutheu aliikunja leso yake kiunoni. "Maliza hilo gurudumu. Nitakanyaga mimi, na mlango utakuwa wazi, unione. Kesho utaendesha wewe. Tukifika juu ya Mua, kabla ya kushuka, utamgeukia mtoto wa kaka yako umwambie ulivyoniambia. Kama hutaki kumwambia, basi shuka hivyo hivyo. Mimi nitakuwa nyuma naye."

"Na wewe uko tayari kufa?"

"Mimi sikutia sabuni."

Walimaliza kazi. Mapovu yaliisha. Pedeli ikawa ngumu na ya juu. Ndete aliendesha hadi mwisho wa njia akarudi, akakanyaga mara hamsini, na mara hamsini gari lilisimama papo hapo. Hakuna fundi Kariobangi ambaye angelikataa. Mutheu akafunga utepe kwenye boneti.

Ndanu alirudi saa mbili na nusu, nywele zimesukwa vizuri, akazunguka gari akilishika kila mahali na kucheka. Halafu akanusa.

"Baba mdogo, umeliosha? Linanukia vizuri."

Asubuhi ilikuwa na jua. Ndete alivaa suti yake, akaingia, akafungua dirisha. Ndanu na mama yake walikaa nyuma. Kiti cha mbele cha abiria kiliachwa wazi. Mutheu alikipangusa kwa leso kabla hawajaondoka, akasema pita, kana kwamba mtu anaingia. Ndanu alidhani ni desturi ya harusi. Mjini breki zilishika. Kwenye barabara kuu zikashika. Bibi harusi aliimba nyimbo za kanisa, akasema laiti baba angemwona, halafu akaimba tena.

Juu ya Mua Ndete alisimamisha gari. Mbele barabara iliteremka, ikapinda, ikapotea. Chini kabisa palikuwa na daraja lenye ukuta uliojengwa upya, saruji yake bado nyeupe.

"Mbona tumesimama?" Ndanu aliuliza.

Ndete alimtazama kwenye kioo. Shela nyeupe. Paji la Mwanzia. Meno ya Mwanzia. Alifungua mdomo. Akaona uso ule utakavyobadilika. Akaona harusi nzima ikimkazia macho, wazee, mkewe, kanisa, mstari wa mbele.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilikuwa naangalia mandhari."

Akautoa mguu kwenye breki ili gari liende.

Halikwenda.

Mteremko ulikuwa mbele, gia haikuwa imeingia, breki ya mkono ilikuwa chini. Gari lilisimama pale, gumu, limeshikwa. Ndete akainama kutazama. Pedeli ya breki ilikuwa imelala sakafuni. Mguu wake ulikuwa pembeni.

Harufu ya sabuni ikajaa.

"Achia," akanong'ona. Ndilo neno pekee lililomjia, neno la kazi. "Achia, kaka. Tafadhali."

Kando yake, kwenye kiti kitupu, kitu kilikohoa.

"Mwambie," Mutheu akasema kutoka nyuma.

"Aniambie nini?" Ndanu akauliza. Aliinama mbele, mkono wake wenye glavu nyeupe ukashika bega la Ndete. "Baba mdogo? Mama? Aniambie nini?"

Ndete akaanza. "Siku ile baba yako alipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa chini ya gari..."

Mkono uliokuwa begani ukaondoka.

Naye aliposema neno la kwanza, pedeli ilianza kupanda. Polepole, neno kwa neno, ikiyafuata maneno. Na gari, taratibu sana, likaanza kuteremka. Ndete aliendelea kusema, maana sasa hakuweza kuacha. Aliweka mguu wake juu ya pedeli iliyokuwa ikimpandia, akangoja ifike juu, bila kujua kama akikanyaga itakuta kitu.